Tanuri la kukodi la Kolkata: mapitio ya huduma inayobeba keki ya Krismasi ya Waanglo-Indian

Mtu aliyezoea mashine ya kusaga ya mtaani ataielewa huduma hii kabla hajamaliza kuelezwa. Unakwenda na mahindi yako, yanapimwa, unalipa kwa kilo, kisha unasimama palepale mpaka unga wako utoke, usije ukachanganywa na wa jirani. Kwenye vichochoro vya Taltala, Ripon Street na Elliot Road huko Kolkata, India, kila Desemba hufanyika hivyohivyo kwa keki. Familia za Waanglo-Indian, Wakristo wa India wenye asili ya Ulaya upande wa baba, huja na unga wao, siagi, sukari, mayai na matunda makavu. Fundi huchanganya kwa mkono mbele ya macho yao, huoka kwa moto wa kuni, na hulipwa kwa uzito. Siku nyingine za mwaka tanuri hizo huoka mikate na biskuti za kawaida tu.

Mapitio haya ni ya huduma yenyewe, si ya duka moja. Tanuri za aina hii ziko kadhaa, na utaratibu wake unafanana. Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja imepotea kwa sababu ya foleni, mikebe inayopotea, na moto usio na kipimo. Hizo nne imezipata kwa jambo ambalo bekari ya kisasa haiwezi kulifanya: kuoka keki ya mjane yenye uzito wa pauni mbili, chini kidogo ya kilo moja, kwa moto uleule unaooka pauni ishirini za familia kubwa, na kila mmoja akarudi nyumbani na keki ya mama yake, si keki ya fundi.

Kwa asiyewafahamu watu hawa, Katiba ya India yenyewe, ibara ya 366, inawataja: mtu ambaye baba yake, au babu yeyote wa upande wa kiume, ana asili ya Ulaya, lakini yeye kazaliwa India na wazazi wenye makazi ya kudumu huko. Kiingereza ndiyo lugha yao ya nyumbani, na dini yao ni Ukristo. Wakati wa Waingereza walijaa katika reli, forodha, posta na simu. Katiba ya 1950 iliwaachia nafasi hizo kwa kipindi cha miaka kumi, zikipunguzwa hatua kwa hatua hadi zikaisha. Wengi walihamia Uingereza, Australia na Kanada, na mara nyingi waliohama walikuwa vijana. Bungeni walikuwa na viti viwili vya kuteuliwa. Navyo viliondolewa Januari 2020 kwa marekebisho ya 104 ya Katiba. Katika mjadala huo serikali ilitaja kwamba sensa ya 2011 iliwahesabu watu 296 tu nchi nzima, hesabu ambayo jamii iliipinga vikali.

Sasa tazama kilichobaki. Kiingereza siku hizi kinasemwa na kila msomi wa India, kwa hiyo lugha haiwatofautishi tena. Kanisani wanakaa benchi moja na Wagoa na Wakristo wengine. Kazi za reli zimekwenda. Mezani ndipo unapowatambua bila kuuliza: wali wa njano wa nazi na mchuzi wa madonge ya nyama siku ya Jumapili, maji ya pilipili, yaani mchuzi mwepesi wenye viungo, siku ya kawaida, na Krismasi keki nyeusi yenye matunda. Lakini keki hiyo inahitaji tanuri, na nyumba nyingi za familia hizi hazina tanuri. Bow Barracks, yale majengo ya matofali mekundu na madirisha ya kijani yaliyojengwa kwa ajili ya askari wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ndiyo makazi yao yanayojulikana zaidi mjini; vyumba ni vidogo na jiko ni la gesi la mezani. Tanuri la kukodi halikuwa anasa hata siku moja.

Ununuzi

Anza mapema Novemba. Soko la New Market, lililofunguliwa 1874, lina maduka ya matunda makavu yaliyopangana, na bei hupanda kadiri Desemba inavyokaribia. Kipimo kinachofaa kwa anayeanza ni cha pauni moja ya unga, yaani gramu 450, na vingine vyote hukifuata hicho. Siagi gramu 450, ile ya maziwa, si majarini. Sukari gramu 450. Katika zile gramu 450 za unga, 100 ziwe semolina, ile Wahindi waiitayo suji, kwa sababu ndiyo inayoipa keki ya Kolkata chembechembe zake na kuizuia isiwe nzito kama udongo. Mayai kumi. Matunda gramu 900: zabibu kavu nyeusi na za kahawia, maganda ya chungwa yaliyopikwa kwa sukari, na petha, yaani vipande vya boga jeupe lililochemshwa kwa sukari mpaka likang'aa kama kioo. Petha ndiyo alama ya keki ya huko. Keki ya Kiingereza haina. Korosho gramu 150. Viungo: kijiko kimoja cha chai cha mdalasini wa unga, nusu ya kungumanga iliyokwaruzwa, robo ya karafuu ya kusaga. Karafuu usiizidishe, maana ikizidi keki hunuka dawa ya meno. Bekingi pauda kijiko kimoja cha chai, basi.

Ukijumlisha vyote pamoja na majimaji, unapata rojo la kilo tatu na ziada kidogo, linalojaza mikebe saba ya pauni moja. Mkebe wa pauni moja ndio ninaoupendekeza kwa tanuri la kuni. Keki pana ya pauni nne huungua juu kabla katikati hakujaiva, na hapo fundi hana la kufanya.

Matunda yakatwe madogo, ukubwa wa punje ya mahindi, yalowekwe kwa wiki tatu au nne katika chupa ya kioo. Desturi ni ramu, kama mililita 150 kwa kipimo hiki, na chupa igeuzwe kila baada ya siku mbili ili ya juu nayo yalowe. Asiyetumia pombe atumie chai kali iliyopoa iliyochanganywa na maji ya chungwa, lakini kwa usiku mmoja tu. Zaidi ya hapo matunda huchacha. Mafundi wengi wa tanuri hizi ni Waislamu. Adabu ni kumwambia fundi mapema kilichomo katika chupa, na kumuuliza kama yuko radhi kukishika. Asipotaka, matunda yalowekwe kwa chai, na mwenye kutaka ramu ainyunyize mwenyewe nyumbani keki ikishapoa. Waislamu na Wakristo wa mitaa hiyo wamefanya kazi pamoja kwa vizazi, na heshima ndogo kama hii ndiyo inayoufanya mlango ubaki wazi.

Sukari ya kuunguza nayo ifanyike nyumbani, siku moja kabla. Weka gramu 200 za sukari, nje ya zile 450, kwenye sufuria nzito na kijiko kimoja cha maji. Acha iyeyuke bila kukoroga mpaka iwe na rangi ya kahawa iliyokolea na moshi mwembamba uanze kutoka. Ondoa motoni, rudi nyuma, kisha mimina mililita 120 za maji yanayochemka kidogo kidogo. Hapa watu huungua mikono: ukimimina maji baridi, au yote kwa mkupuo, sukari huruka. Ikitolewa mapema keki hutoka ya rangi ya chai ya maziwa. Ikichelewa nusu dakika tu, uchungu hautafichwa na sukari yoyote. Tone likipoa kwenye sahani liwe jeusi lenye wekundu ukilitazama mwangani. Mililita 100 zinatosha kipimo chetu.

Siku ya tanuri

Kosa kubwa la wageni ni kuchanganya kila kitu nyumbani wakidhani wanamrahisishia fundi. Usifanye hivyo. Bekingi pauda huanza kazi ikishalowa. Ukisubiri foleni saa tatu na beseni lako, hewa yote imekwisha toka, na keki itatoka imeshikana kama tofali. Peleka vitu vikavu mbalimbali, mayai mazima, siagi iliyokwisha kulainika. Asubuhi ya Desemba Kolkata huwa na ubaridi wa kutosha kuigandisha siagi, kwa hiyo itoe kwenye friji tangu jioni. Peleka pia mikebe yako, karatasi ya kaki, bakuli safi la kupasulia mayai, na kitambaa. Mayai yapasuliwe moja moja kwenye bakuli hilo kabla hayajaingia kwenye beseni, kwa kuwa yai viza moja likiangukia siagi na sukari, umepoteza vyote.

Fundi mzuri hutumia beseni pana na mkono mtupu. Husugua siagi na sukari kwa kiganja kama dakika ishirini, mpaka rangi igeuke nyeupe na chembe za sukari zisisikike tena vidoleni. Hapa ndipo huduma hii inapoizidi mashine: joto la mkono huilainisha siagi sawasawa, na vidole hujua wakati. Kisha mayai huingia mojamoja. Rojo likianza kukatika kama maziwa yaliyoganda, mayai yalikuwa ya baridi. Kijiko cha unga hulirudisha. Baada ya hapo semolina, nayo iachwe dakika kumi inywe unyevu, halafu unga uliochekechwa pamoja na viungo na bekingi pauda, kisha sukari ya kuunguza. Matunda na korosho huja mwisho, yakiwa yamechujwa vizuri na kupakwa konzi ya unga uliotengwa kwenye kile kipimo. Yasipochujwa, au yasipopakwa unga, yatazama yote chini.

Simama hapo wakati wote. Mafundi wenyewe wanataka usimame. Familia zina desturi ya kutuma mtu mzima mmoja kukaa karibu na beseni tangu siagi ya kwanza mpaka mkebe wa mwisho, na hakuna anayeona ni matusi. Ni ulinzi kwa pande zote mbili: hutasema baadaye kwamba mayai yako mawili yalikwenda kwa jirani, naye hatalaumiwa kwa unga wako mbovu.

Mikebe ivikwe ndani karatasi ya kaki mara mbili, na ukingo wa karatasi upande juu ya mkebe kwa vidole viwili. Jaza robo tatu tu, kisha chimba kishimo kidogo katikati kwa mgongo wa kijiko ili keki isitoke na kilima. Jina liandikwe kwa kalamu ya risasi kwenye kijikaratasi juu ya rojo, kama wafanyavyo wengi, lakini kijikaratasi huungua au huruka. Njia ya kudumu ni kukwaruza alama kwa msumari ubavuni mwa mkebe, alama moja kwa familia, itumike miaka yote. Malalamiko mengi kuhusu tanuri hizi ni ya mikebe iliyobadilishana, na karibu yote yangekwisha kwa msumari mmoja.

Moto

Tanuri la kuni halina namba ya kugeuza. Kuni huwashwa ndani, matofali hunywa joto, makaa huvutwa nje au kusogezwa pembeni, ndipo mikebe huingizwa kwa sepetu ya mbao yenye mpini mrefu. Tangu hapo joto linashuka tu. Kwa hiyo zamu unayopewa ni muhimu kuliko fundi unayempata. Zamu ya kwanza baada ya makaa kutolewa ni ya mikate na biskuti. Keki yenye matunda mengi ina sukari nyingi, nayo huungua haraka. Inataka zamu ya pili au ya tatu, kwenye joto la nyuzi 150 hadi 160. Kipimo cha kale ni konzi ya unga kwenye sakafu ya tanuri: ukiwa mweusi papo hapo, subiri, ukigeuka kahawia taratibu, ingiza. Omba fundi akifanye mbele yako. Ataelewa kwamba unajua unachotaka, na hiyo peke yake hukupatia nafasi nzuri zaidi ndani, katikati, mbali na ukuta wa makaa.

Mkebe wa pauni moja huchukua saa moja na robo hadi saa moja na nusu. Mlango usifunguliwe kabla ya dakika hamsini. Ukiona juu kunakolea upesi, karatasi ya kaki itandazwe juu. Kijiti kikiingizwa katikati kitoke kikavu, ingawa tunda linaweza kukipaka utelezi. Jaribu mara mbili, sehemu mbili. Keki isitolewe mkebeni kabla haijapoa kabisa, na kwa usalama iache mpaka kesho yake. Wengi huiharibu kwenye rikisha wakirudi nyumbani: ikiwa ya moto, mtikisiko wa barabara huipasua katikati.

Kasoro za huduma

Bei hutajwa kwa mdomo, na siku za karibu na Krismasi hubadilika. Uliza mapema kama ni bei ya uzito wa rojo au wa keki iliyooka, maana keki hupoteza maji tanurini, na uliza kama kuchanganya na kuoka vinahesabiwa pamoja. Hakuna risiti. Beseni huoshwa kati ya familia na familia, lakini mwenye mtoto anayedhurika na korosho asitegemee kuosha huko. Apeleke beseni lake. Moshi ni mzito, na mwenye pumu asikae ndani. Baada ya tarehe 20 Desemba tanuri hufanya kazi usiku kucha, mafundi huchoka, na kasoro zote nilizozitaja huzidi maradufu. Nenda kabla ya tarehe 15. Keki yenyewe inapenda kukaa: ikifungwa kwa karatasi isiyopitisha mafuta na kuwekwa kwenye bati lenye kifuniko, huwa tamu zaidi baada ya wiki mbili.

Wapo watakaouliza kwa nini usinunue tu. Nahoum, bekari ya Kiyahudi iliyoanzishwa 1902 na iliyomo ndani ya New Market, ina keki ya matunda ya kuaminika, na foleni yake ya Desemba ni ushahidi. Kwa mgeni wa siku mbili, au Mswahili aliyekwenda India kwa matibabu au masomo, hiyo inatosha kabisa. Ila ni keki ya Nahoum. Kipimo cha semolina, wingi wa maganda ya chungwa, iliki iwemo au isiwemo, hayo ni mambo ambayo kila familia ya Kianglo-Indian inayo yake, na hubishania mpaka usiku. Bekari ikioka kwa ajili ya wote, ubishi huo unakufa, na pamoja nao daftari la mapishi la bibi.

Vitamu vingine vya Krismasi havihitaji tanuri, kwa hiyo haviko hatarini kiasi hicho. Kulkul, kwa mfano, hufanywa nyumbani: unga, yai na tui la nazi, kipande kidogo kikabingirishwa juu ya uma au kitana mpaka kikapata michirizi, kikakaangwa na kupakwa sukari. Mtu wa Lamu au Unguja akikiona atasema ni visheti, na hatakuwa mbali.

Sehemu ya wazee

Kuhama kwa vijana kuliwaacha wazee wengi peke yao, baadhi katika makao ya wazee, wengine vyumbani mwao kwa msaada wa vyama vya jamii na fedha za ndugu walio ng'ambo. Ndipo ule utaratibu wa kulipa kwa pauni unapokuwa na maana kubwa. Mzee anayemudu pauni mbili tu haombi hisani ya mtu. Ni mteja kama wengine, anakaa kwenye benchi akilinda siagi yake. Kwa asiyeweza kupanda rikisha, namna bora ni familia nne au tano kuungana na kuchukua zamu moja. Kila nyumba itoe kitu kimoja kwa wingi, mmoja siagi, mmoja mayai, mmoja matunda, kwa sababu kununua kwa jumla New Market hupunguza gharama. Lakini mzee mwenyewe aulizwe kipimo chake kwanza. Kumpelekea keki ya mapishi ya mwingine ni kumpa chakula tu. Kumpelekea yake ni kumwambia bado yuko nyumbani.

Mikebe ya wazee iokwe tofauti kidogo. Korosho zisagwe au ziachwe, kwa ajili ya meno. Matunda yakatwe madogo zaidi na yalowekwe muda mrefu zaidi. Mwenye kutumia dawa asitiliwe ramu; matunda yake yalowekwe kwa chai, usiku uleule mmoja. Mwenye kisukari keki hii haimfai hata ikipunguzwa sukari, maana matunda yenyewe ni sukari. Mpelekee chapati ya mayai iliyojazwa nyama ya kusaga, ile waiitayo pantras, nayo ni yao vilevile. Keki ikatwe vipande vya kidole kimoja na kufungwa kimoja kimoja, kwa sababu bati zima kwenye kabati la makao ya wazee hukauka au hugawanywa kabla mwenyewe hajaonja. Makao mengi hupokea vikapu vingi wiki ya Krismasi, kisha Januari huwa kimya. Mkebe mmoja katika saba ubaki umefungwa, upelekwe baada ya Mwaka Mpya. Kufikia hapo utakuwa umekolea, na tanuri litakuwa limerudi kwenye mikate yake.